Pilipili za Bi Mongia

Mama yake Mongia Gharsalli, Mungu amrehemu, alikufa hajaelewa mwanawe anafanya kazi gani. "Anatengeneza kompyuta huko Tunis," aliwaambia majirani kule Kef, na kila Mongia akirudi nyumbani kwa sikukuu alikuta redio mbovu za mtaa mzima zimepangwa sebuleni zinamsubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Sisi wengine pale ofisini, Charguia, tunaandika programu za pampu za hospitali, zile zinazomtia mgonjwa dawa mshipani tone kwa tone. Ili tuziandike tunahitaji zana, na zana zetu nazo ni programu: kuna ya kuandikia, kuna ya kugeuza maandishi yetu yakawa lugha ya mashine, kuna ya kutafuta makosa tuliyoyafanya tukiwa na usingizi. Sasa, nani anaikagua hiyo inayotukagua sisi? Hapo ndipo alipokuwa amekaa Mongia. Hakuandika hata mstari mmoja wa pampu. Alizijaribu zana, akatia sahihi kwamba zinafaa, na bila sahihi yake mteja wetu Mjerumani hapokei kitu.

Mimi naitwa Chokri. Nilikaa meza ya pembeni yake miaka mingi, na kama ulimi wangu mnauona mkali, subirini mumsikie Wajdi. Wajdi ndiye nyota wetu. Anaandika programu haraka kuliko watu wanavyosoma, na nywele zake zina mafuta ya kutosha kukaangia sambusa za briki za familia nzima.

"Bi Mongia," alimwambia siku moja mbele ya watu, "sisi tunajenga nyumba, wewe unapima nyundo. Huoni haya kupokea mshahara?"

"Nyundo yenye kichwa kilicholegea huijui, mwanangu, mpaka kikurukie usoni," alijibu, wala hakuinua macho. "Na uso wenyewe ndiyo mali yako pekee."

Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia.

Alikuwa na namna yake ya kujaribu zana. Watu wa kawaida wakiletewa programu ya kutafuta makosa huipa msimbo, yaani maandishi ya programu, ulio mzuri, inasema "hakuna kosa," wanapiga makofi, wanaenda kula. Mongia yeye alichukua nakala ya msimbo wetu akapanda humo makosa kwa makusudi. Hapa kajumlisha badala ya kutoa, pale kafuta mstari mmoja mdogo usioonekana. Makosa hayo aliyaita pilipili. Halafu anaiachia zana ionje, anatulia kuangalia kama italia.

"Ulimi usiolia kwa pilipili ya harissa umekufa," alikuwa akisema. "Usiniambie ni ulimi wenye adabu."

Hayo hakuyaokota barabarani. Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni Kef, mtu aliyezunguka na mawe yake ya chuma ndani ya mfuko wa ngozi. Wauza nyama walimchukia kama homa. Mizani, alimfundisha binti yake, huijui kwa kuitazama inavyong'aa. Unaijua kwa kuiwekea jiwe ambalo uzito wake unaujua wewe.

Sasa nije kwa bosi wetu, Bwana Mokhtar; kwetu bwana tunamwita "Si." Si Mokhtar alisomea biashara Ufaransa akarudi na tai tatu na neno moja, "ufanisi." Mwaka ule alitununulia zana mpya ya kutafuta makosa, bei yake sitaitaja maana nina shinikizo la damu. Sisi tuliibandika jina la Mkaguzi. Kila siku Mkaguzi anasoma kazi yote tuliyoandika. Akikuta kosa, taa nyekundu. Asipokuta, taa ya kijani. Na Si Mokhtar, kwa kuwa ni mtu wa ufanisi, alitundika taa halisi mlangoni, kubwa kama tikiti maji, ili hata mleta maji aingie akijua leo sisi ni hodari au ni majuha.

Machi Mongia akamjaribu Mkaguzi. Akapanda pilipili zake, taa ikawaka nyekundu mlango mzima ukafanana na bucha. Si Mokhtar akatoka mbio.

"Kwa nini taa yangu nyekundu?"

"Kwa sababu inafanya kazi, Si Mokhtar."

"Mimi nimeinunua iwe ya kijani!"

"Kwa kijani ungenunua balbu tu."

Mkaguzi alizikamata pilipili zote, hata zile za ujanja. Mongia akaridhika, akatia sahihi: zana inafaa. Sahihi yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyependa kuitoa bure.

Julai ikaingia na saa zake za kiangazi. Saa nane mchana kalamu chini, na nusu ya ofisi iko ufukweni La Goulette kabla viti havijapoa. Si Mokhtar naye akaona nafasi ya ufanisi. Akapiga chapa amri, akaigonga muhuri, akamkabidhi mzee Hedi, mlinzi wetu: kila siku ikifika saa nane kamili, kata umeme wa viyoyozi na wa chumba cha chini. Mzee Hedi alikuwa askari zamani. Ukimpa karatasi yenye muhuri, hata umwambie paa linaungua atakuuliza kama moto una karatasi.

Ikawa hivyo. Na ajabu ya Mungu, Julai nzima taa ikawa ya kijani.

Kijani jana, kijani leo, kijani kesho. Si Mokhtar akaleta vitamu vya makrudhi sahani mbili. Wajdi akawa hatembei tena, anaelea. "Sisi sasa tunaandika kwa wahyi," akasema, na watu wazima wenye digrii wakatikisa vichwa kama kweli. Hata mimi, nisiwafiche, niliamini nimekuwa bora. Joto lile, usingizi ule, mawazo yote yako ufukweni, na hatukosei hata alama moja! Kichaa gani angekubali? Sote tulikubali.

Mongia peke yake alikuwa anaitazama ile taa kama mtu anayemtazama mtoto aliyenyamaza sana chumba cha pili.

"Mmekuwa malaika lini?" akaniuliza.

"Labda joto limetusafisha."

"Joto linaharibu maziwa, Chokri. Tangu lini likasafisha watu?"

Kwenye mkutano wa Jumatatu akasema anataka kumjaribu Mkaguzi upya. Si Mokhtar akavua miwani. Akivua miwani ujue anataka kuonekana mvumilivu.

"Zana imebadilika?"

"Haijabadilika."

"Kompyuta zimebadilika?"

"Hazijabadilika. Zimebadilika saa za kazi. Mimi nilitia sahihi kwa zana ya Machi, katika nyumba ya Machi. Zana ni zana pamoja na mahali pake."

"Khee!" Wajdi akapiga meza. "Mwakani tumkague na mwezi! Bi Mongia, jua nalo unalo kwenye orodha? Bahari je?"

Chumba kikaangua kicheko. Si Mokhtar akasubiri kiishe, kisha akasema kwa sauti ya asali, "Bi Mongia, tuzungumze mambo ya maana. Bwana Hinrichs wa mteja wetu anakuja mwisho wa Agosti. Mkataba wako nao unaisha mwisho wa Agosti. Tia sahihi ripoti ya kiangazi, mkataba mpya uko tayari mezani kwangu. Binti yako Yosr anaolewa Septemba, sivyo? Mabruki, hongera sana."

Hakuna aliyecheka hapo. Yosr ni binti yake wa pekee, na Mongia alimlea peke yake tangu mumewe alipoondoka na kusahau njia ya kurudi. Mchumba alikuwa kijana mzuri, ila alikuwa na mama. Mama huyo, Lella Zakia, alitaka ukumbi wenye taa za kioo kule Gammarth, alitaka bendi, na alitaka watu waone. Mongia alikuwa ameshasema ndiyo kwa yote, akitegemea mshahara wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo kila mtu pale mezani alijua kalamu ile ilikuwa na uzito gani.

"Nimesikia, Si Mokhtar," akasema. Tu.

Siku hiyo hiyo akapanda pilipili moja, bila kumwambia mtu ila mimi. Ilikuwa pilipili ya kutisha: aliiambia pampu kwamba kiwango cha juu cha dawa hakipo, itoe tu mpaka mfuko uishe. Kosa la namna hiyo hata Mkaguzi kipofu angelinusa.

Asubuhi nilifika mapema. Taa ilikuwa ya kijani. Ya kijani kama nanaa.

Mongia alikuwa amesimama chini yake na mkoba mkononi. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema.

Mchana ule watu walipokimbilia baharini, yeye alibaki, na mimi nikabaki naye kwa udadisi wangu. Tukashuka chumba cha chini. Joto la mle lilikuwa la tanuri la mkate, na mashine zote zimekufa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mkaguzi hafanyi kazi mpaka aiombe ruhusa mashine moja iliyomo mle chumbani, ndiyo inayotunza leseni yake. Na sisi tulimpangia aanze kazi saa kumi, tukishaondoka, asizifanye nzito kompyuta zetu. Saa kumi anaomba ruhusa, mashine imeshakatiwa umeme, hakuna anayemjibu. Mtu mwenye akili angepiga kelele. Mkaguzi yeye hakagui kitu, na kwa kuwa hakukagua hakuona kosa, na kwa kuwa hakuona kosa anawasha kijani. Ni kama mlinzi aliyelala fofofo akaandika asubuhi: usiku kucha sikumwona mwizi.

"Kwa hiyo kazi ya Julai yote..." nikaanza.

"Haijasomwa na mtu. Na sahihi inayosema imesomwa ni yangu."

Akaenda kwa Si Mokhtar kesho yake, na mlango wa ofisi ile haujawahi kuziba sauti.

"Asubuhi, umeme ukiwepo, Mkaguzi anafanya kazi?" bosi akauliza.

"Anafanya."

"Basi tutamwonyesha Bwana Hinrichs asubuhi, saa sita nampeleka Gammarth kula samaki. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kazi ya kiangazi. Irudiwe kukaguliwa kabla haijatoka."

"Ikirudiwa, taa itakuwa nyekundu wiki nzima mgeni akiwepo. Tutairudia Septemba, watu wametulia."

"Septemba pampu ziko wodini, Si Mokhtar."

"Bi Mongia," akasema, "wewe ni mama wa bibi harusi au mama wa pampu?"

Alitoka. Aliketi mezani kwake akawa anapanga kalamu zake, anazipangua, anazipanga. Mimi, kwa hekima yangu kubwa, nikamshauri atie sahihi sasa, ukweli ataukumbuka baada ya harusi.

"Naogopa, Chokri," akasema. "Usidhani siogopi. Yosr kila siku ananionyesha picha za ukumbi. Lakini nikifumba macho namwona baba na mfuko wake wa mawe, na muuza nyama mmoja aliyempa paja zima la kondoo ili apite bila kupima."

"Akafanyaje?"

"Alikuwa na watoto watano wenye njaa, na hakulichukua. Mama hakusema naye wiki mbili." Akafunga droo. "Mizani ile ilikuwa mbovu."

Siku ya mgeni ikafika. Bwana Hinrichs alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya kupandia milima kana kwamba Charguia ina milima. Asubuhi yote Mkaguzi aliimba. Wakampandia kosa la mfano, taa nyekundu, wakaliondoa, kijani. Si Mokhtar akang'aa. Ripoti ya kiangazi ilikuwa mezani, na kalamu juu yake, imeelekezwa upande wa Mongia.

"Nitatia baada ya chakula," Mongia akasema.

"Gari liko chini," bosi akasema haraka. "Twende zetu Gammarth."

Hapo mlango ukafunguka. Akaingia Yosr na mashangazi wawili wa kutoka Kef, wamebeba sufuria la kuskusi la kondoo lenye kipenyo cha gurudumu la lori, na nyuma yake sahani, na nyuma ya sahani vigelegele.

"Bwana Hinrichs," Mongia akasema, mpole kama maji, "ni chakula cha harusi ya binti yangu. Kwetu mgeni akikiruka, ndoa inapata nuksi."

Sijawahi kuisikia nuksi hiyo maishani mwangu. Lakini nani angesimama mbele ya mashangazi wa Kef aikanushe? Mgeni alikuwa ameshakaa na kijiko mkononi. Si Mokhtar akakaa naye, maana kuliko kukimbia kuskusi ya harusi mbele ya bibi harusi ni afadhali ukimbie vita.

Wakala. Wakaongezewa. Mgeni akaonja harissa ya nyumbani, macho yakamtoka, machozi yakamshuka hadi kidevuni.

"Ulimi mzima huo!" shangazi mmoja akasema. "Mwongeze!"

Si Mokhtar alikuwa hagusi chakula, anaitazama saa ya ukutani. Ikikaribia nane akaniinamia. "Chokri, shuka kwa Hedi. Mwambie leo asikate."

Nikashuka. Nilimkuta mzee Hedi amesimama mbele ya swichi, wima, amri imebandikwa ukutani.

"Mzee wangu, bosi anasema leo usikate."

"Anasema au ameandika?"

"Anasema. Amenituma mimi."

"Na hii nayo," akaigonga ile karatasi kwa kidole, "nani aliigonga muhuri, mimi? Lete nyingine yenye muhuri. Mdomo hauna muhuri, mwanangu."

Muhuri ulikuwa umefungiwa ofisini kwa bosi, na bosi alikuwa amebanwa kati ya mashangazi wawili. Nane ikagonga. Mzee Hedi akakata.

Niliporudi juu viyoyozi vilikuwa vimenyamaza na jasho limeanza kazi. Mongia aliinuka, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Bwana Hinrichs, umeonja pilipili yangu. Sasa nipe ya kwako. Panda kosa lolote upendalo, kwa mkono wako mwenyewe, hapa kwenye kompyuta ya Chokri."

"Ameshaona asubuhi!" Si Mokhtar akasema. "Bi Mongia, mgeni amechoka—"

"Sijachoka," mgeni akasema, bado anavuta makamasi ya harissa. Akakaa. Akachagua mahali, akafuta mstari unaosimamisha pampu hewa ikiingia kwenye mpira wa dawa. Akamwamuru Mkaguzi akague.

Tulisubiri kidogo sana. Taa ikawaka kijani.

Mgeni akalitazama lile tikiti la taa. Akamwamuru tena. Kijani tena. Wajdi, ambaye alikuwa anatafuna mfupa, aliacha kutafuna.

"Imeharibika?" mgeni akauliza.

"Haijaharibika," Mongia akasema. "Haipo. Kila siku saa nane tunaizima, na yenyewe inasema mambo ni mazuri. Ni hivyo tangu mwanzo wa Julai. Sahihi iliyoipitisha ni ya kwangu mimi, wala si ya Si Mokhtar. Leo naiondoa."

Akaichukua ile kalamu juu ya ripoti, akamrudishia bosi mkononi kwa heshima zote. Yosr alikuwa amesimama na sahani tupu, na niliona kwenye uso wake kwamba amehesabu na amepata jibu: ukumbi wa Gammarth umekwenda.

Mzigo haukutoka Agosti. Kazi ya kiangazi ilirudiwa kukaguliwa, umeme ukiwaka, na taa ilikaa nyekundu mpaka mleta maji akawa anatupa pole. Makosa mengi yalikuwa ya kipumbavu, mengine yangu. Moja halikuwa la kipumbavu. Muuguzi akisimamisha pampu abadilishe mfuko kisha akaiwasha tena, pampu ilisahau ilichokwisha kutoa, ikaanza dozi upya toka mwanzo. Mtu mzima angepata kizunguzungu. Pampu zile zilikuwa zinakwenda wodi ya watoto njiti.

Aliyeliandika ni Wajdi, katika zile siku zake za wahyi. Alilisoma kwenye skrini, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka jua likazama, na tangu siku hiyo hajamtania mtu.

Basi mtasema Mongia alipewa nishani. Naam, nishani ilitoka. Mteja aliandika kuisifu kampuni kwa ukali wake katika kukagua zana, na Si Mokhtar akaitia sifa ile kwenye fremu ya dhahabu, akaitundika chini ya taa. Mongia alipewa maua na mkono wa kwa heri. "Tunahitaji watu wanaoipenda kampuni," bosi alituambia, na akavua miwani.

Yosr aliolewa Septemba juu ya paa la nyumba ya binamu kule Radès, na taa za kioo zilikuwa balbu za rangi zilizofungwa kwenye kamba ya nguo. Lella Zakia alikaa amekunja pua mpaka kuskusi ilipopita, akaikunjua. Wajdi alikuja amevaa suti. Akaenda moja kwa moja kwa Mongia, akainama, akambusu kichwani kama mtu anavyombusu mama yake.

"Kula, mwanangu," Mongia akamwambia. "Umekonda."

Na kiti chake ofisini? Mungu ana mzaha. Nilipewa mimi. Eti nilikaa karibu naye, nitakuwa nimeambukizwa. Si Mokhtar naye alirekebisha kasoro kwa ufanisi: akamwandikia mzee Hedi amri mpya, muhuri mkubwa zaidi. "Wakati wa saa za kiangazi ni marufuku kukata umeme wa chumba cha chini." Tukalala usingizi.

Mwaka huu Ramadhani imetuangukia katika baridi. Saa za kazi zimepunguzwa, mchana tunaondoka mapema tukawahi futari. Na kwa kuwa umeme ni ghali hata kwa waliofunga, mzee Hedi alipewa tena amri yake ya zamani: tukiondoka, kata. Wiki nzima taa imekuwa ya kijani. Si Mokhtar akasema ni baraka za mwezi mtukufu. Leo ameniwekea ripoti mezani, na chini ya ripoti ameweka mkataba wangu, unaoisha mwezi ujao. Mke wangu ana mimba ya miezi minane; bosi anajua hilo, amenipa na mabruki.

Jana nilipanda pilipili moja. Leo asubuhi taa ilikuwa kijani kama nanaa.

Nimeshuka kwa mzee Hedi kumuuliza. Akanionyesha ile amri ya marufuku, akapitisha kidole chini ya neno "kiangazi," kisha akanionyesha dirisha na mvua inayonyesha.

Nikampigia Mongia. Nyuma ya sauti yake mafuta yalikuwa yanachemka, anakaanga briki.

"Bi Mongia, Ramadhani njema. Nilitaka tu kukujulia hali..."

"Kijani?" akauliza.

"Kijani."

Nikasikia akigeuza briki.

"Saa zimebadilika," akasema. "Nilikuwa nawaza mtakumbuka au la. Kalamu ameshakupa?"

"Iko mkononi. Bi Mongia, mke wangu anakaribia kujifungua—"

"Najua, amenipigia. Iweke chini hiyo kalamu, uje ufuturu, mje wote wawili. Supu ya chorba ipo ya kututosha. Ukishashiba ndiyo uniambie unavyoogopa, na mimi nitakuambia nilivyoogopa, kisha tuone kesho pilipili yetu tunampikia nani."

Nikaiweka chini.